Vitabu Vilivyofungiwa Kabatini

Wazazi wenzangu wa hapa mlimani, mwaka 1953 nyumba yetu ilikuwa na raha. Mimi Hanna nilipeleka maziwa mjini Arusha, na jioni binti yetu Sinyati alinisomea herufi zake kando ya moto. Alikwenda polepole, lakini alikwenda. Baba yake, Lesikar, alikuwa amekata neno: akifaulu mtihani wa darasa la nne ataendelea na shule, akishindwa atarudi kuchunga mbuzi.

Ndipo akaja Mwalimu Dismasi. Shule ilikuwa na vitabu vyembamba vya wanaoanza na vinene vya waliokomaa. Vyembamba akavifungia kabatini, eti vinaaibisha shule. Alitaka mkaguzi akija akute darasa zima limeshika kitabu kimoja kinene. Wapo watoto waliokisoma bila shida. Wangu hakukiweza, maana nyumbani tunasema Kimaa, lugha ya Wamasai, si Kiswahili.

Siku moja Sinyati alisomeshwa: “Mfalme aliketi kule.” Akaulizwa maana. Kwa Kimaa, kule ni maziwa, basi mtoto akajibu kwamba mfalme aliketi kwenye maziwa. Mwalimu alicheka hadi akashika meza, akampa jina la Maziwa, na wenzake wakamwita hivyo kila siku. Tangu hapo Sinyati hakufungua kinywa darasani.

Nilimwendea mwalimu kwa adabu, nikamwomba ampe kitabu chembamba kimojawapo.

“Mama Sinyati,” akasema, “kitabu hakina kosa. Mwanao ndiye mzito.”

Ningeweza kwenda kwa wazee wa kanisa, wenye shule, wiki ileile. Sikwenda. Nilitaka aaibike mbele ya watu wote, nikamngojea mkaguzi. Hasira yangu niliilea kama ndama.

Mtihani ulitangulia. Sinyati akaanguka, akarudi kwa mbuzi.

Mwezi uliofuata mkaguzi alifika, Mzungu mrefu mwenye daftari. Nikasimama mbele ya wazazi, nikaomba kabati lifunguliwe. Dismasi akasema ufunguo umepotea. Mkaguzi akaamuru kitasa kivunjwe. Mchwa walikuwa wamevila vitabu vyote, yamebaki vumbi na majalada. Nilimkazia Dismasi macho mpaka akainamisha kichwa. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameondolewa.

Mwalimu mpya, Anande, alileta vitabu vyembamba vipya, akaja mwenyewe hadi nyumbani kumwita Sinyati. Mtoto hakukigusa alichopewa.

“Yeyo, mama yangu,” akaniambia, “mwambie mwalimu akichukue. Hata hicho kitanicheka.”

MAFUNZO

Mwalimu, mjue mtoto kwanza, ndipo umchagulie kitabu. Darasa si gwaride hata wote wavae viatu vya kipimo kimoja. Nasi wazazi, tukijua ubaya tuuseme siku ileile. Dismasi sijamsamehe wala sitamsamehe. Lakini habari ya kabati niliijua miezi mitano kabla ya mtihani, nikainyamazia ili nimkomoe. Kisasi nilikipata, na mwanangu hajui kusoma.