Mpinzani wa Limi

Treni iendayo Mwanza ilichelewa, na stesheni ya Shinyanga ikafurika watu, magunia na kuku. Telesphori, karani wa kinu cha pamba, alikuwa amefuata vipuri vya mashine. Alipofungua kasha alilokabidhiwa, alikuta glovu nyekundu za ndondi.

"Hizo zangu," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa msichana mrefu, gauni lake la kitenge cha manjano limembana mabegani.

"Za kaka yako?"

"Zangu mimi. Na wewe kabila gani, unashangaa hivyo?"

"Msumbwa, wa Ushirombo."

"Msumbwa asiyejua masumbwi," alisema, akacheka. Telesphori alimbebea kasha mpaka alikofikia, vipuri akavisahau.

Msichana huyo aliitwa Limi, wa kijiji cha Didia. Ngumi alijifunzia Mwakitolyo, alikokuwa akiwapikia wachimba dhahabu. Alipomshinda Eufrasia wa Geita jina lake lilienea, na mwaka huo wa 1977 watengeneza filamu walikuja kutoka Dar es Salaam kuigiza maisha yake, naye mwenyewe akiwa mwigizaji mkuu.

Jioni Telesphori alivaa suruali yake ya bugaluu ya kahawia, akamsindikiza Limi barabara ya stesheni. Alimwita bingwa wangu, naye akaitwa karani wangu. Haukupita muda akamwomba baba yake mdogo, mzee Otmar, aandae washenga.

Filamu ikakwama kwenye pambano. Eufrasia alikuwa ameshaolewa, mumewe akamkatalia kuigiza, na hakuna mwanamke mjini aliyekubali kusimama na kaptura mbele za watu. Onesmo, mwongozaji wa filamu, alimtazama Telesphori, mwembamba asiye na ndevu, akapata wazo la kumfanya yeye Eufrasia.

"Kwa ajili yangu, mpenzi," Limi alimsihi. "Ngumi zenyewe za uongo."

Wakamvika wigi, wakamjazia vitambaa kifuani. Ukumbi ulijaa watu waliokuja kuigiza watazamaji, wakiwemo wenzake wa kinuni. Ngumi za uongo hazikupendeza. Onesmo alimnong'oneza Limi kwamba ampige kweli, Telesphori ameshakubali. Limi akarusha konde.

Telesphori alipozinduka, wigi lilikuwa pembeni, Limi hayupo, na ukumbi mzima unacheka. Alitoka kwa mlango wa nyuma bila kumtazama mtu.

Kinuni walianza kumwita Bi Eufrasia. Mzee Otmar alikuja kumwambia washenga hawatakwenda. "Mahari hatujatoa, kipigo umeshapokea," alisema.

Limi alipiga simu kinuni kutoka posta. Telesphori alikuwa amekaa kando ya simu ile. Akamwashiria mwenzake Pantaleo aipokee, kisha akanong'ona, "Sema nimekwenda Kahama."

Pantaleo alisema hivyo, akasikiliza, akakata simu. "Anasema amemsikia huyo aliyeko Kahama akinong'ona."

Limi hakupiga tena. Alirudi Didia kulima na mama yake. Telesphori naye hakuruhusu mtu yeyote kuitaja siku ile mbele yake. Walioanza aliwaacha wakiongea, akaondoka.

Mwaka uliofuata filamu ilioneshwa mjini. Telesphori aliingia taa zilipozimwa, akasimama nyuma karibu na Pantaleo. Alijiona akipigwa, akaanguka, watu wakacheka. Lakini picha iliendelea. Limi alipiga magoti, akavuta glovu kwa meno, akakipakata kichwa chake, machozi yakimtoka. Kicheko kikafa.

"Hili sikuliona," Telesphori alisema.

"Ulikuwa umezimia," Pantaleo alimjibu. "Kisha alimfuata Onesmo nje, akamkaba, akimuuliza kwa nini alimdanganya kwamba umekubali. Tulidhani unajua."

Asubuhi alikwenda Didia. Limi na mama yake, Mbuke, walikuwa wanang'oa karanga. Telesphori alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akakosa pa kuweka mikono.

"Siku ile ya simu nilikuwepo," alimwambia Limi.

"Najua."

"Niliona aibu."

"Ya kupigwa na mwanamke."

"Hiyo iliisha mapema. Ya kujificha ndiyo haijaisha."

Limi alikung'uta udongo kwenye shina la karanga. "Mimi sijavaa glovu tangu siku ile," alisema. "Nikiinua mkono nakuona umelala pale chini."

Telesphori alimgeukia mama. Akasema baba yake mdogo amekataa kuja, kwa hiyo amekuja yeye mwenyewe kumposa Limi.

Mama Limi aliweka jembe chini. "Mwanamume hajiposei, baba. Watu wataicheka aibu hiyo mpaka Shinyanga."

"Najua, mama. Waache wacheke. Safari hii siondoki."

Mama alimtazama binti yake. Limi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na Telesphori hakujua kama analia au anacheka. Alipoinua uso, alikuwa akifanya yote mawili.

"Mpe jembe, mama," alisema. "Tuone kama karani anajua kulima."