Duara la Kilomita Tano

Kwanza ilikuwa harufu tu. Saa nne asubuhi, madirisha wazi, jua linawaka, na ofisi ya ramani za afya inanuka tope la korongoni.

"Rula, umekanyaga nini huko?" aliuliza dada wa takwimu, mwenzake wa meza ya pili.

Jina hilo walimpa kwa kupenda njia za mkato, kila umbali akiupima kwa mstari ulionyooka ramanini. Alichora duara la kilomita tano kuzunguka kila zahanati, na aliyeangukia ndani akaandikwa amefikiwa na huduma. Dada alimwonya, akigusa kijiji kimoja ndani ya duara: "Kijiji hiki kiko ng'ambo ya korongo. Watu wanazunguka nusu siku!" Rula akamjibu, "Kwenye ramani ni karibu, basi." Kijiji kikanyimwa zahanati, na mwezi uliopita mjamzito mmoja akafia njiani, juu ya machela. Jamani, Rula hata pole hakutoa!

Sasa vishindo vikasikika ukumbini, vya watu waliobeba kitu kizito. Vikasimama nyuma ya kiti chake.

"Tumefika?" sauti ya mwanamke ikanong'ona.

Waligeuka wote wawili. Hapakuwa na mtu.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, mwenye mimba ya kwanza. "Mume wangu, uchungu umeanza. Njoo upesi."

Rula alikimbia nyumbani. Kutoka mlangoni kwake hadi geti la zahanati ni hatua mia mbili, hazizidi. Akamshika mkewe kiuno, wakatembea, wakapita duka la kona, wakatembea, wakalipita tena duka lilelile, na geti likabaki palepale mbele yao, karibu kabisa, muuguzi anaonekana akianua mashuka, wanamwita hasikii, na nyuma yao vile vishindo vinafuata polepole, harufu ya tope imewajaa kooni, na mkewe anazidi kuwa mzito mikononi mwake.

"Tumefika?" mkewe akauliza. Sauti haikuwa yake.

Rula akampigia dada wa takwimu, machozi yanamtoka. "Lifute lile duara! Andika kijiji hakijafikiwa! Nakusihi, dada yangu!"

"Tangu uondoke nimelifuta mara tatu," dada akajibu kwa kunong'ona. "Linajichora tena."

Kule mbele, muuguzi alianua shuka la mwisho, akaingia ndani, akafunga geti.