Mbegu za Lobuin

Kionjaute, mashine ya kupima majimaji ya mwili, kilimeza tone la ute, kikanyamaza kama mlevi anayetafuta jina la mkewe, kisha kikachora hewani umbo la kimeng'enya ambacho hakuna mtu katika kituo cha uzalishaji mifugo aliyewahi kukiona.

Dokta Nakiru alisogea. Ute ule ulitoka kwenye tezi za uzazi za Lobuin, beberu wa mwisho wa mbuzi wekundu, aina pekee iliyoihimili homa iliyofagia mbuzi wengine wote wa kaskazini. Lobuin alikuwa amekufa asubuhi hiyo, kwa uzee tu. Nyonga mbovu haikumruhusu kupanda, hivyo miaka yote kituo kiligandisha mbegu zake, na miaka yote hakuna jike aliyeshika mimba.

"Haya, liseme hilo dubwana," alisema Ekal, fundi wake. "Au tumwite mganga?"

"Hebu nyamaza, wewe!"

Kionjaute kikaeleza kwa upole: kimeng'enya hiki huchapa kazi kwenye joto la mwili. Hukata mafuta ya kiini cha yai, na mabaki yake hutoboa ngozi ya mbegu.

Mbegu za ng'ombe huchanganywa na kiini cha yai ili baridi isiziue. Nakiru ndiye aliyeamuru za mbuzi zifanyiwe vivyo hivyo.

"Yaani tumezipikia, chakula kikaziua," Ekal alisema. "Hata mama mkwe wangu hajafika huko." Mwenyewe hakucheka.

Ulibaki mrija mmoja tu, wa mbegu alizotoa Lobuin alfajiri, bado hazijaonja yai. Jioni zingekuwa zimekufa. Nakiru akampigia Mama Arupe, mfugaji pekee aliyekuwa na majike wekundu.

"Mama, niletee jike yeyote anayetaka dume. Natuma gari la angani sasa hivi. Safari hii atashika!"

"Daktari, unanitania?"

"Sikutanii, mama. Kosa lilikuwa letu. Majike wako ni wazima."

"Walikuwa," alisema Mama Arupe. "Si wewe uliniambia ni tasa, niwachinje wakiwa bado na mnofu?"

"Wote, mama?"

"Wa mwisho tulimchinja Jumapili, kwenye harusi ya binti yangu Akai. Paja nilikuletea wewe. Ukasifu."

Nakiru aliinamia hadubini. Mbegu zilikuwa hai, zikikimbizana kwa nguvu, kana kwamba kuna mahali pa kwenda.