Diski ya Jumapili

Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya Ijumaa, nilikuwa nimesimama kando ya barabara mjini Butembo nikisubiri muuzaji anipimie lita tano za mafuta ya jenereta. Vumbi la safari ya pikipiki kutoka Beni lilikuwa bado mdomoni. Mkobani nilikuwa na nyaya nne, diski moja tupu, na daftari langu.

Katika daftari hilo naandika kila kichwa kinaponiuma: siku, saa, dakika. Daktari aliniomba nifanye hivyo kwa mwezi mmoja. Nimefanya kwa miaka minne. Nisipoandika, silali.

Aliyeniita ni Séphora. Tulisoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, pamoja chuo kikuu. Mimi nilikuwa wa kwanza, asilimia sabini na nane. Yeye alikuwa wa pili, sabini na moja. Lakini redio ndogo iliyo juu ya kilima ilipotafuta fundi, ilimchukua yeye. Watu wakaanza kumwita ingénieur wetu. Mimi huko Beni nilikuwa nakausha simu zilizoanguka majini.

Kulikuwa na jambo ambalo Séphora hakulijua. Siku moja kabla, mkurugenzi wake, Josaphat, alinipigia simu.

"Ma Hulda, archives zetu zote zimepotea. Kama hazirudi mpaka kesho kutwa saa sita, ule binti ataenda kwao. Kiti ni yako."

Kwa hiyo mashine ikifa, nakaa mimi. Ikipona, anabaki yeye. Nililipia mafuta, nikapanda kilima.

Séphora alinipokea mlangoni, akageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje.

"Semea ku huu upande," alisema. "Sikio ya kushoto imefunga tangu Dimanche."

"Tangu Jumapili? Ilianza namna gani?"

"Ni kama mutu alizima bouton ya taa." Akacheka. Hata kiziwi nusu, alicheka vizuri kuliko mimi. "Na Mercredi, juzi jioni, nikaanguka ku ngazi, nikapoteza fahamu kidogo. Donc mukaka hataki kuniacha peke yangu."

Mukaka, nyanya yake, aliitwa Kaswera. Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya mlango, akitoa maharage kwenye maganda. Nilimsalimu kwa Kinande. Alinitazama. Akarudi kwenye maharage yake.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, dirisha moja, taa moja. Juu ya sanduku la chuma kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. SÉPHORA.

Jina lake. Kwenye kila kitu.

Ndani mlikuwa na diski nne ambazo Linux, programu inayoendesha mashine, ilikuwa imeziunganisha zifanye kazi kama moja. Ikianguka moja, tatu zilizobaki zinakumbuka kwa niaba yake. Zikianguka mbili, kila kitu kinanyamaza. Na mbili zilikuwa zimeanguka. Humo mlikuwa na matangazo ya vifo ya miaka kumi na moja. Familia hutoka Masereka, hutoka Mangina, huja kuomba kusikia tena tangazo la siku jina la mtu wao liliposomwa. Wengine hawana picha. Wana sauti hiyo tu.

Kuna kanuni moja tunayofundishwa kabla ya zote: usiandike juu ya diski iliyojeruhiwa. Unatandaza kwanza faili tupu juu ya kila diski, kama nailoni juu ya kidonda. Ukikosea, kosa linabaki kwenye nailoni.

"Umeshaweka nailoni?" Séphora aliuliza nyuma yangu.

"Nimeshaweka."

Sikuwa nimeweka.

Nje jenereta ilinguruma. Ndani diski zilizunguka… tk… tk… Niliamuru kila moja iseme mara ya mwisho ilipoandika na wenzake. Diski ya kwanza na ya nne hazikuwa na tatizo. Diski ya tatu iliwaacha wenzake Jumatano, 17h26. Diski ya pili ilikuwa imeanguka mapema zaidi.

Jumapili. 10h42.

Nilizijua saa hizo. Sikujua nilizijulia wapi. Nikafungua daftari.

*Dimanche, 10h42. Kichwa, kushoto. Kanisani, Beni.* Nilikuwa kwenye kwaya, mstari wa pili. Mariette, aliyesimama kando yangu, alinionyesha simu yake chini ya kitabu cha nyimbo: Séphora ndani ya koti jeupe, anapewa zawadi, watu wanapiga makofi. Kitu kilinikatika ndani ya kichwa.

*Mercredi, 17h26. Kichwa, nyuma. Barabara ya Mutwanga.* Dereva wa pikipiki alikuwa amefungua redio. Mtangazaji alikuwa akimshukuru ingénieur Séphora.

Chini ya mistari yote miwili nilikuwa nimeandika neno moja: *nywele*. Mara zote mbili nilisikia harufu ya nywele zinazoungua. Nilidhani ni moto wa mashambani. Lakini kanisani hakuna shamba.

Nikalinganisha saa ya mashine na saa ya simu yangu. Zilikuwa sawa. Hata sekunde.

"Séphora. Ile sikio ilifunga saa ngapi?"

"Misa ilikuwa karibu kuisha. Pengine saa nne na nusu. Juu ya nini unauliza?"

"Hapana kitu."

Na ndipo harufu ikaja.

Nywele. Zinaungua. Polepole.

Nilitazama soketi. Nilitazama nyaya. Hakuna kilichochomekwa vibaya, hakuna kilichokuwa cha moto. Nilipoyarudisha macho yangu kwenye skrini, vidole vilikuwa vinaandika. Sisemi kwamba havikuwa vyangu. Vilikuwa vyangu. Viliandika amri ya kuziunganisha diski kwa nguvu: ya kwanza, ya nne… na ya pili.

Diski ya Jumapili. Ile iliyobaki siku tatu nyuma ya wenzake. Ukiilazimisha kati yao, Linux itaamini kumbukumbu zake za zamani, na ukarabati utachanganya ya jana na ya juzi mpaka hakuna faili itakayofunguka. Hakuna ambaye angejua. Wangesema: alikuja hata Hulda, wa kwanza wa promotion yao ya chuo, akashindwa.

Kidole changu kilikuwa juu ya Enter.

Tk… tk…

"Hulda…" Sauti ya Séphora ilikuwa ndogo.

"Eh."

"Juu ya nini unazima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Niligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho wazi, mikono mbele, akipapasa hewa. Alipapasa bega langu, akalipita. Mlangoni, maharage yalikuwa yameacha kudondoka kwenye beseni.

Niliondoa kidole. Nikaifuta amri, herufi moja moja, kutoka mwisho. Nilihesabu: herufi sitini na tatu. Jasho lilinitiririka mpaka viwikoni. Nilipofuta ya mwisho, alivuta pumzi.

"Ah. Umeme imerudi."

"Imerudi," nikasema.

Ndipo nikatandaza nailoni niliyodanganya kwamba nimeitandaza. Nikaiacha diski ya pili nje, nikalazimisha diski ya Jumatano iungane na ya kwanza na ya nne. Mashine ilifikiri. Kisha folda zikajipanga, mwaka baada ya mwaka. Nikafungua tangazo moja la mwaka 2018 kuhakikisha. Sauti ya mwanaume ikasema familia ya Lusenge wa Mangina inawatangazia ndugu na marafiki… Safi. Haikukatika hata mara moja.

Séphora alikaa chini akalia. Halafu, kabla hata ya kupangusa uso, akampigia Josaphat.

"Directeur, yote imerudi. Hapana miye, ni Hulda. Siku zote yeye njo alikuwa mwenye akili kunishinda."

Angejisifu, ningemsamehe.

Tulinakili kila kitu kwenye diski tupu niliyoleta. Saa mbili usiku nilichukua mkoba. Mukaka Kaswera aliinuka kwenye benchi akanishika mkono juu ya kiganja. Vidole vyake vilinukia maharage mabichi. Alinong'ona, Séphora asisikie, ingawa sisi tulikuwa upande wa sikio lake lililokufa.

"Dimanche ulikuwa wapi, mutoto?"

"Kanisani, mukaka. Beni. Batu mia mbili baliniona."

"Baliona mwili."

Nilijaribu kuuvuta mkono.

"Mulozi mwingine hajue kama ni muchawi," alisema. "Anaimba na benzake. Na moyo yake iko natembea." Akaachia mkono wangu, akaupangusa wake kwenye kitenge. "Leo umerudia mu katikati ya njia. Wasingya, aksanti. Lakini hapana rudia tena hapa."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Nimejieleza mambo mengi tangu wakati huo. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, diski huanguka. Masikio huugua. Mtu aliyechoka huona giza. Kila jambo lina maelezo yake. Saa tu hazina.

Redio ilinunua diski mpya badala ya ile ya Jumapili. Sikio la Séphora halikupona. Madaktari wa Butembo hawakuona kitu. Najaribu kumuombea. Nataja jina lake, halafu nataja lile koti.

Leo mchana Mariette alinitumia picha. Séphora amefanywa mkuu wa ufundi. Amesimama karibu na sanduku lake, anacheka, kichwa kimegeuzwa kidogo ili sikio zima lisikie. Chini watu tisini na wawili wamempongeza.

Maumivu yakaja. Nyuma ya jicho. Na ile harufu.

Nilitupa simu kitandani kana kwamba ndiyo inayoungua. Nilisema, hapana, hapana, Bwana, sitaki. Nilisema kwa sauti. Nadhani nilimaanisha.

Dakika moja baadaye simu ikaanza kuita. Namba ya Butembo.

Sikuipokea. Kwanza niliandika saa.