Dumu la Babu Fundi

Haya, sogeeni niwategee kimoja kabla hatujaenda mbali. Nikiwa mzima nasema kweli. Ukinikata nasema uongo, na wala sitoki damu. Mimi ni nani?

Mmesema muwa? Muwa ukikatwa unatoa utamu, hausemi uongo. Basi kaeni nacho mdomoni kama pipi, kitayeyuka chenyewe tukifika.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, nyumbani wakimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Kila alipotoka shule alipita kwa fundi viatu aliyefanya kazi chini ya ngazi za jengo walilokaa yeye na mama yake. Watoto wote wa jengo walimwita Babu Fundi. Kidoti alichukua dumu la njano la babu, akalijaza maji bombani na kulirudisha, kwa maana ngozi ya viatu hulowekwa kwanza ndipo ikubali sindano. Mpini wa dumu lile ulivunjika zamani, na mzee akalishonea mpini wa ngozi kwa uzi mwekundu. Hapakuwa na dumu jingine kama lile mji mzima.

"Pole pole na maji yangu, mjukuu," mzee alimwambia siku moja. "Ngozi kavu ni kaidi kuliko wewe ukiambiwa uoshe vyombo."

"Babu! Nani kakwambia?"

"Viatu vyako. Kisigino cha kushoto kimeisha. Ukitumwa dukani, unapitia kuruka kamba."

Kidoti alicheka mpaka maji yakamwagika.

Kichwani mzee alivaa kofia ya kijani. Siku hizo watu wa mji walikuwa hawaelewani hata kidogo. Meya alitaka kulibomoa soko la zamani ajenge maduka ya ghorofa, na waliomuunga mkono walivaa kofia za kijani. Waliotaka soko libaki walivaa za bluu. Kidoti alimuuliza babu yuko upande gani.

"Mimi? Hii niligawiwa bure, mjukuu wangu. Na jua halina chama."

Jioni moja, jua likielekea kuzama, soko likashika moto. Mama yake Kidoti alikuwa kazini, kwani ni muuguzi wa zahanati. Kidoti alisimama dirishani, akapiga picha kwa simu ya zamani ambayo mama alimwachia kwa ajili ya masomo. Moto ulizimwa, lakini mlinzi wa soko alifia kwenye moshi. Polisi walisema kuna mtu aliyeuwasha. Ni nani? Hawakujua.

Kumbe kuna waliojiona wanajua kuliko polisi. Mtandaoni palikuwa na kundi liitwalo Macho ya Mji, na humo watu walibishana kuhusu meya na soko tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya moto, kila mmoja akawa mpelelezi. Wa kijani walisema ni wa bluu, wa bluu wakasema ni wa kijani. Msimamizi wao alijiita Mzee wa Takwimu, na alikuwa na sheria yake: "Hapa hatutaki porojo. Picha isiyo na duara jekundu si ushahidi." Basi wakawa hodari wa kukata picha, kuzikuza na kuzizungushia duara.

Kidoti aliingia humo kimyakimya, akajiita Jicho la Tai. Hakuna aliyejua kuwa ni mwanafunzi. Aliandika maoni yake, wakampita kama jiwe la barabarani. Aliandika tena, mtu akamjibu, "Nenda kalale." Ilimuuma.

Kisha mmoja akaandika kwamba karibu na soko alionekana mtu mwenye dumu. Kidoti akashika simu. Alifungua picha yake. Kweli, palikuwa na mtu mwenye kofia ya kijani na dumu la njano lenye mpini wa ngozi. Alikuwa amegeuka, uso hauonekani. Nyuma yake majirani walikimbia na ndoo na mabeseni, wote wakielekea motoni. Kidoti alimjua mtu yule. Hata maji ya dumuni aliyateka yeye mwenyewe mchana wa siku ile.

"Kwani nitasema jina?" akajiambia. "Nitauliza tu."

Akakata picha. Ndoo zikaondoka, mabeseni yakaondoka, majirani wakaondoka. Vilibaki kofia, dumu na ndimi za moto. Akachora duara jekundu, akaandika: "Huyu ni nani, na dumu la nini?"

Loo! Kundi liliwaka kuliko soko lenyewe. "Jicho la Tai, umetuzidi wote!" "Petroli hiyo!" "Kofia si mnaiona?" Madole gumba yakamiminika. Kidoti alitabasamu hadi mashavu yakauma. Ndipo Mzee wa Takwimu akaandika: "Jicho la Tai, wewe unamjua huyu mtu?"

Kidoti aliandika, "Ndiyo." Akafuta. Akisema anamjua, watamuuliza mbona hakusema dumu lina maji, na sifa zote zitayeyuka. Akaiweka simu chini ya mto. Swali likabaki pale, bila jibu.

Kesho yake, alipotoka shule, sanduku la babu lilikuwa limepinduliwa chini ya ngazi. Viatu vya watu vilitapakaa mtaroni. Dumu lilikuwa limepasuka katikati, mpini wa ngozi ukining'inia. Babu hakuwepo. Kidoti aliuokota ule mpini na kuukumbatia.

Mama alirudi akinuka dawa. Hakuvua viatu.

"Leo nimemfunga Babu Fundi mkono," alisema. "Kundi la watu lilimvamia, wakamkanyaga vidole vya mkono wa kulia. Mkono wa sindano, mwanangu! Eti kuna picha mtandaoni. Mtu gani ana roho ya kufanya hivyo?"

Kidoti alifungua ile picha. Akampa mama simu.

Mama aliisoma yote akiwa amesimama. Kidoti alisubiri kelele, ila kelele hazikuja. Mama aliketi taratibu kama mtu aliyebeba mzigo mzito, na machozi yakamtoka. Hilo lilimchoma Kidoti kuliko kiboko.

"Picha nzima ipo?"

"Ipo, mama."

"Vaa viatu."

Walianzia kituo cha polisi. Askari aliitazama picha nzima, akaviona ndoo na mabeseni, akatikisa kichwa. "Huyu alikwenda kuzima. Tutatangaza kwamba mzee hana kosa, na waliompiga tutawatafuta." Lakini aliyewasha moto, alisema, bado hawajampata.

Kutoka hapo walikwenda chumbani kwa Babu Fundi. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Kwa mkono wa kushoto alijaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Uzi ulikwenda huku, sindano huku.

"Karibuni," alisema. "Mjukuu, kiatu chako cha michezo kiko pale, hakijaisha. Mwambie mama akupeleke kwa fundi mwingine."

"Shikamoo, babu," Kidoti alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Unajua kinachonisumbua? Si vidole. Tulikuwa wengi pale na ndoo zetu. Na watu wananijua, nimewashonea viatu tangu wakiwa wadogo. Sasa nauliza, hata mmoja hakusema ananijua?"

Kidoti alipiga magoti. "Babu, picha ni yangu. Niliwakata wenzako nikakuacha peke yako. Nilijua ni wewe. Nilijua ni maji."

Mzee alimtazama. Sindano ilidondoka sakafuni, hakuna aliyeiokota.

"Ungemkata mtu usiyemjua, ningesema ni utoto," alisema. "Nenda, mjukuu. Sijakufukuza. Lakini leo nenda."

Alimwita mjukuu, na neno lile ndilo lililomliza Kidoti njia nzima.

Nyumbani mama aliweka simu mezani. Kundi lilikuwa bado linabishana. Tangazo la polisi lilikuwa limefika, wengine wakisema polisi wamehongwa, na picha iliyokatwa ilizidi kusambaa. Chini yake swali la Mzee wa Takwimu lilikuwa palepale.

"Mama, vidole vyake vitapona?"

"Vitapona kushika kikombe. Sindano, sidhani." Mama alivuta pumzi. "Kubishana si dhambi, mwanangu. Mji ni wetu, tuusemee. Lakini anayetafuta mhalifu kwa ajili ya kupigiwa makofi, atampata yeyote. Picha ile ilikuwa kweli tupu mpaka ulipoigusa na mkasi. Na usijifiche nyuma ya 'nimeuliza tu.' Uliuliza kitu ambacho jibu lake ulikuwa nalo."

"Watanitukana."

"Watakutukana. Mimi nitakaa hapa."

Mama akavuta kiti, akakaa. Kidoti aliuweka ule mpini wa ngozi wenye uzi mwekundu kando ya simu. Akatuma picha nzima, yenye ndoo zote na mabeseni yote. Kisha akaligusa lile swali, "Jicho la Tai, wewe unamjua huyu mtu?" akaandika:

"Namjua. Ni Babu Fundi wa chini ya ngazi zetu. Mimi ni mwanafunzi, na picha niliikata mimi. Dumu lilikuwa na maji. Niliyateka mwenyewe."