Maziwa Yaliyoganda Yenyewe

Kila Ijumaa, kabla jua halijafika juu ya mabati ya mtaa wa Bel-Air, Chancelvie alikuwa ameshaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mama yake, Mama Delphine, ambaye alitengeneza jibini nyumbani, ile ambayo Lubumbashi nzima inaiita fromage. Mwenye maziwa alikuja na baiskeli. Maziwa yakachemshwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kisha yakamiminwa ndani ya pipa la plastiki yapoe. Yakishapoa, Mama alitia matone ya dawa ya kugandisha. Yakiwa mazito aliyakata kwa kisu, akachuja maji, na mabonge yakalala ndani ya kitambaa chini ya jiwe.

Wiki moja pipa la zamani lilipasuka. Na Jumapili Jephté, mdogo wake Chancelvie, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Mama alikuwa amewaahidi watoto wote wa komunyo mkate na fromage ya kuchoma.

"Enda kwa Mama Mutale, ule anauzishaka mafuta ya kula," Mama alisema. "Pipa yake ilibeba paka mafuta tu. Usinunue kwa muntu mwingine."

Chancelvie alikwenda na rafiki yake Tracy. Njiani wakamkuta Fils, kijana anayeuza mapipa kando ya barabara. Bei yake ilikuwa nusu.

"Pipa ni pipa," Tracy alisema. "Na ile franga inabakia, unasuka nywele ya dimanche, siku ya komunyo."

Chancelvie aliingiza kichwa ndani ya pipa moja. Harufu ikamchoma puani.

"Ilibebaka nini?"

Fils alitazama barabara kwanza, kushoto na kulia. "Kitu ya mu mine, kule banachimbaka shaba. Mais lakini unaosha na sabuni ya unga, inaisha. Ata bamama ba munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, banakuyaka kununua hapa."

Ubavuni mwa pipa kulikuwa na karatasi yenye alama nyekundu, imekwanguliwa nusu. Chancelvie alimalizia nusu ya pili kwa kucha zake.

Nyumbani aliliosha kwa sabuni ya unga mpaka harufu ikafifia. Mama aliligongagonga pipa. "Ni ya Mama Mutale?"

"Ndiyo, Mama."

Lilitoka kirahisi, neno hilo. Nywele nazo zilisukwa vizuri sana.

Ijumaa Mama alifunua pipa atie dawa, akabaki na chupa mkononi. Maziwa yalikuwa yameshakatika. Vipande vidogo, vigumu, vilielea juu ya maji ya rangi ya majani makavu.

"Miye sijatia kitu," alisema polepole.

Babu yao, Kambo Stanislas, mzee wa reli mwenye meno machache na maneno mengi, alivuta kiti. "Delphine, usishangae. Njo vile fromage ilizaliwaka. Zamani sana, banasema, muchungaji moya alitia maziwa mu mufuko ya tumbo ya munyama, akatembea nayo mu jua siku muzima. Kufungua, anakuta mabonge na maji. Njaa ilikuwa naye, akakula, akaona iko tamu. Chombo njo ilifanya kazi, haiko yeye."

"Na huku kwetu, Kambo?" Jephté aliuliza.

"Huku kwetu, chef de gare, mukubwa wa stesheni, alimupa papa yangu kipande ku Noël, ku Krismasi. Papa akafikiri ni sabuni. Akaoga nayo. Mama yangu akaenda kulala kwa jirani."

Wote walicheka. Chancelvie alicheka pia, kisha akalitazama pipa. Chombo ndicho kilifanya kazi.

Mama alichuja kama kawaida, akayaweka mabonge chini ya jiwe, na Jephté alipeleka yale maji ya maziwa kwa jirani, Mama Edith, aliyefuga nguruwe na mabata. Akarudi na ndoo bado nzito.

"Nguruwe imekatala."

"Ile nguruwe ilikula mukaba ya papa ya Edith," Kambo alisema. "Leo inachagua?"

"Bata ilikunywa kidogo."

Jumamosi asubuhi Mama Edith alisimama mlangoni pa parsele, ua wa nyumba yao. Alishika mabata wawili kwa miguu, shingo zao zikining'inia kama kamba.

"Delphine, ona. Sijui ni ugonjwa gani."

"Pole, dada yangu. Labda ni hii joto."

Chancelvie alitazama zile shingo, kisha akatazama jiwe. Chini yake fromage ilikuwa inadondosha maji kwenye beseni, tone, kisha tone lingine, bila haraka.

"Mama."

"Nini?"

"Hapana. Hamuna kitu."

Alimkimbilia Tracy. Tracy alisikiliza, akauma mdomo. "Ukisema, kesho hautaenda na nywele, utaenda na makofi. Labda ni joto ya kweli." Kisha akaongeza bila kumtazama, "Mais miye sitaikula."

Jumapili, baada ya misa, watoto wa komunyo walipanga mstari kwenye uwanja wa parokia, weupe kama vikombe vipya. Kambo ndiye aliyegeuza vipande juu ya mbabula. Kwa kawaida fromage ya Mama Delphine ilikuwa laini juu ya moto, pembe zake zikawa za kahawia, na harufu yake iliwaita hata waliokwisha aga. Leo haikulainika. Ilitoa jasho tu, na moshi wake ulikwaruza koo.

"Leo iko na kiburi," Kambo alisema, akatia mdomoni kipande kilichodondoka.

Mikate yenye fromage ilikuwa imeshagawiwa, lakini mtoto wa komunyo wa nyumbani ndiye aliyetakiwa kuanza. Mama alimpa Jephté mkate wake. Jephté alifumba macho, akafungua kinywa kama alivyofanya mbele ya padri muda mfupi uliopita.

Chancelvie alimshika mkono. "Usikule."

"Wee, muachie mutoto," Mama alisema.

"Pipa haiko ya Mama Mutale. Nilinunua kwa Fils. Ilibebaka kitu ya mu mine. Nilijua, Mama."

Mama hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alipita kwenye mstari, mkate kwa mkate, akivirudisha vipande kwenye sahani. "Fungua kinywa. Umekula? Fungua." Hakuna mtoto aliyekuwa ameonja. Alipogeuka, Kambo alikuwa ameketi chini, mkono tumboni, uso umekuwa wa majivu.

Kwenye zahanati, daktari, Mama Mukuka, aliuliza swali moja tu. "Pipa ilibeba nini?"

Hakuna aliyejua. Chancelvie alikumbuka kucha zake zikikwangua ile karatasi.

"Fils anajua," alisema. "Nitabaonyesha."

Alikwenda na mama yake, mbio. Fils alipoona macho ya Mama Delphine hakubishana. Alitoa pipa lingine la aina ile ile, karatasi yake bado nzima. Mama aliipiga picha kwa simu. Daktari aliisoma, akasema ni asidi na metali za kiwandani, na plastiki huzinywa, sabuni haizitoi. Sasa alijua atibu nini. Alisema pia kwamba kipande kilikuwa kidogo, na kwamba mtoto wa umri wa Jephté asingevumilia kipande kama hicho.

Kambo alikaa zahanati mpaka alipoweza tena kunywa uji. Fromage yote ilizikwa mbali na kisima. Mama alilipasua pipa kwa shoka ili asilitumie mtu mwingine. Chancelvie alikwenda mwenyewe kwa Mama Edith kumwambia habari za mabata, na tangu siku hiyo alimsaidia kufagia banda kila baada ya shule. Kisha akazunguka na mama yake kwa akina mama wa munkoyo, nyumba kwa nyumba, kuwaonyesha ile picha.

Jioni moja, walipokuwa wanarudi, Mama alisimama.

"Chancelvie. Nikikuulizaka kitu imetoka wapi, haiko juu ya kutafuta namna ya kukupiga. Bantu banakula mu mukono yangu na habanaulizaka, ju banajua nimeshauliza. Na miye nilikuuliza weye."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile haukusema kweli mapema. Mais ulisema kabla ya Jephté kufunga kinywa. Kuanzia sasa, useme ku mwanzo, ata kama iko inakuumiza. Ukichelewa, njo muntu mwingine anaumia."

Wakaenda kwa Mama Mutale kununua pipa lingine. Safari hii Chancelvie ndiye aliyetangulia kuuliza lilibeba nini.