Simu ya Siku ya Tatu

Walikutana stendi ya Mbinga, kwenye vurugu za abiria na magunia ya kahawa. Mektilda alikuwa amevaa gauni la njano, mkononi ana buti nyeusi ndefu anazompelekea fundi viatu. Sixbert, muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka Liuli, hakuweza kunyamaza.

"Dada, kiangazi hiki mabuti ya nini?"

"Ya kupandia farasi, kaka."

"Yuko wapi huyo farasi?"

"Ujerumani. Mimi nimekuja likizo, yeye alikosa nauli."

Hakutania. Alianza kwa kuzoa mavi ya farasi kwenye shamba moja Arusha, na sasa alishindana kimataifa juu ya farasi wa bibi mmoja wa Kijerumani. Mashindano yao ni ya siku tatu: farasi kutembea kwa madaha mbele ya waamuzi, kisha mbio za porini kuruka magogo na mitaro, mwisho viunzi vya uwanjani. Likizo ilipoisha, Mektilda aliondoka ameshapenda, na moyo wa Sixbert ukabaki unahangaika na simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Huyo mwenzangu wa miguu minne hajambo?"

"Ana wivu kukushinda."

"Unarudi lini, Mek?"

"Mwakani."

Mwakani ikawa miaka mitatu.

Kisha yakaja mashindano makubwa. Asubuhi ya siku ya tatu Mektilda alimpigia akicheka: anaongoza, na akimaliza vizuri anakwenda ubingwa wa dunia. Saa moja baadaye Sixbert akapiga yeye.

"Mek, niko kwenu Mbinga. Mama anaumwa kidogo. Fanya uje."

Sasa, kwetu huku aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa anaumwa kidogo, asafiri, akute turubai uani. Mektilda aliitwa hivyohivyo baba yake alipofariki.

"Naomba niongee naye."

"Amelala."

Mektilda akaangua kilio. Sixbert akamwacha alie.

Akajitoa mashindanoni. Alifika Mbinga amejifunga kitenge cheusi, akamkuta mama yake, Kunigunda, anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona nyeusi? Nani kafa?"

Jioni hiyo ujumbe uliingia kutoka Ujerumani. Farasi amepewa mpandaji mwingine, moja kwa moja.

Kesho yake mchana akateremka Liuli. Sixbert alikuwa ufukweni anaanika usipa.

"Ulinisikia nikilia."

"Nilikusikia."

"Ukajua nimeelewa nini."

"Nilijua." Hakuinua macho. "Nilitaka kusema ni malaria tu, dawa ameshaanza. Nikafikiri, akijua hivyo haji. Miaka mitatu, Mek. Nimekukosa mpaka nimeishiwa akili."

"Nilikuwa naongoza, Sixbert. Nilikwambia mwenyewe."

"Nisamehe. Barua ya posa iko tayari, wazee wangu wanapanda Mbinga Jumapili."

Mektilda alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Waambie wasije."

"Unarudi Ujerumani?"

"Kwa farasi gani?"

Akageuka kwenda kutafuta gari.

Alichokitaka Sixbert amekipata: Mektilda hasafiri tena. Yuko Mbinga kwa mama yake, saa chache tu kutoka Liuli, na simu za Sixbert hazipokei.